Nyuzi Tisini na Saba

Mwanangu Temuulen kanunua mtumba:
kompyuta mpakato ya gemu, nyeusi, nzito kama tofali,
kona moja imemegeka, herufi ya W imefutwa na vidole
vya mtu tusiyemjua.
Miezi minne alibebea majirani magunia ya makaa.
Muuzaji alisema: haina tatizo. Alisema mara tatu.
Ile ya tatu ingenishtua, kama ningekuwapo.

Nje, Ulaanbaatar imeganda.
Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
mate hugeuka barafu kabla hayajagusa ardhi.
Ndani, juu ya meza ya jikoni, feni inalia
kama birika lililosahauliwa,
farasi wa kwenye gemu anakatika vipande,
mistari ya zambarau inashuka kiooni,
kisha giza.
"Mama, tisini na saba."
Kadi ya michoro peke yake. Tisini na saba.

Mimi ni fundi wa mabomba ya joto, zamu ya usiku,
mwaka wa kumi na tisa.
Kazi yangu ni kulisindikiza joto
kutoka linakozaliwa hadi linakongojwa.
Basi habari za joto lililokwama usinifundishe.
Nikamwambia: zima.

Hakuzima. Alitaka kwanza njia za mkato.
Akaiinua kwa makopo mawili ya samaki: tisini na tano.
Akashusha ubora wa picha mpaka nyasi zikawa zulia: tisini na tatu.
Akaichomeka dirishani, kati ya vioo viwili,
sabini! akapiga kelele, sabini!
nikaikwapua kabla umande haujaingia.
Baridi nayo huua. Nimezika mabomba ya kutosha.

Bisibisi ya fundi saa, tumeazima kwa Dulamsuren wa ghorofa ya tatu.
Skrubu kumi na moja kwenye kikombe cha chai.
Matundu ni kumi na mawili.
Kuna mtu alishaingia humu.

Nikafungua.
Mapezi ya shaba yamevaa blanketi:
nywele za mbwa, nyuzi za sufu, na masizi,
masizi yaleyale ninayoyakohoa kila Januari.
Kumbe naye aliishi kule mlimani,
kwenye hema la mviringo, jiko katikati,
akicheza hadi usiku wa manane
huku feni ikivuta moshi, ikivuta,
pafu la ziada la nyumba yao.

Nikang'oa bamba. Juu ya chipu,
pale panapostahili mafuta ya kupitisha joto,
unga mweupe, mkavu, umepasukapasuka.
Nikanusa.
Mnanaa.
"Dawa ya meno," nikasema,
na Temuulen akacheka mpaka akakaa sakafuni.
Mimi sikucheka sana.
Nimewahi kuziba valvu kwa mkono wa koti langu,
saa tisa usiku, mtaa mzima umelala.
Anayepaka dawa ya meno
hajakosa akili; labda duka lilikuwa limefungwa,
labda mfuko.

Brashi ya rangi. Spiriti. Pamba ya kwanza nyeusi,
ya pili nyeusi, ya tano kijivu.
Tone jipya, ukubwa wa punje ya mtama.
Alitaka kuongeza, nikamshika mkono:
joto halilali kwenye godoro nene, linataka kupita.

Sabini na sita.
Farasi akavuka mto akiwa mzima.
Feni ya kushoto bado inakwaruza ikianza,
na skrubu ya kumi na mbili hatukuipata,
hata chini ya friji.

Zamu yangu inaanza saa mbili. Nikavaa koti,
lile lenye mkono wa kiraka.
Kabla sijatoka niliweka kiganja ubavuni, penye matundu,
pumzi ya moto ikapita kati ya vidole,
kavu, inakimbia,
na ndani yake, kwa mbali,
mnanaa.