Kipanya Kinachokoroma

Kwanza nilidhani ni upuuzi wa pesa:
kipanya cha mshahara wa siku nne,
chenye mbavu za kubadilisha kama nguo za mtoto
na vijiwe vya uzito, gramu mbili mbili,
ambavyo Gyu-rim huvipanga kwenye kisosi
kama mtu anayechambua mchele.

Mimi si mgeni wa mitetemo.
Miaka kumi na mmoja kiwandani hapa Gumi,
kibano mkononi, barakoa usoni,
nilipachika mota ndogo kuliko punje ya dengu
ndani ya simu za watu nisiowajua.
Kila aliyeshtuliwa mfukoni akadhani anapendwa,
huenda ni mimi niliyempachikia.

Lakini mwanangu hasikii.
Alizaliwa hivyo, na madaktari wa Daegu
walilifunga faili lake kabla hajajifunza kukaa.
Michezoni maadui walimjia kwa nyuma
na wenzake wakamwita mzigo.
Siku hizi kiganja ndicho sikio.
Alikesha akikichagulia kila kishindo mtetemo wake:
hatua za kushoto, mdundo mmoja chini ya kidole gumba;
hatua za kulia, chini ya kidole cha pete;
risasi, fupi na kavu, kama uzi unapokatika;
mvua akaifuta.
"Mvua ina kelele," alisema kwa mikono,
nami nikacheka hadi nikamwaga chai ya shayiri.

Mwishowe akanifungia na mimi kitufe jikoni,
cheupe, karibu na swichi.
Nikaacha kuwasha na kuzima taa kama mwenye wazimu
kila chakula kinapoiva.
Nabonyeza, naye anatokea mlangoni.
Basi.

Kisha yakaja mashindano ya mchujo.

Nikabonyeza: supu ya mwani ikapoa.
Nikabonyeza: wali ukafanya ngozi.
Nikajiambia, kijana wa miaka kumi na tisa
ana vita vyake, na mimi si adui wa kutosha
kustahili mtetemo.

Walitolewa raundi ya pili.
Siku tatu hakufungua pazia.
Ya nne akaja jikoni na kompyuta kifuani,
kidole kikigonga mstari mmoja kwenye skrini:
*Mama: kimezimwa. Miito isiyofika: arobaini na sita.*

Sikumwambia kwamba si yote ilikuwa ya chakula.
Mitano hivi, au sita, nilibonyeza nikipita tu,
saa nane za usiku, nikitoka zamu,
kiatu kimoja bado mguuni,
kama mtu anavyogusa ukuta wa nyumba yake gizani
kuhakikisha upo.

Hakuomba radhi kwa alama yoyote ninayoijua.
Alinishika kifundo cha mkono,
akanikalisha kwenye kiti chake kinachonuka jasho na tambi,
akanifumba vidole juu ya kipanya, kimoja kimoja,
akatoka.

Nikangoja.
Kwenye skrini askari wake alisimama kama bwege,
bunduki chini, akitazama mlima usio na mtu.
Nilitarajia king'ora. Mama anayeita ni king'ora, sivyo?

Kikaja kitu kidogo, kirefu, cha polepole,
kikipanda na kushuka ndani ya kiganja
kama paka aliyeshiba, anayekoroma pajani.
Kumbe ndivyo ninavyofika.
Kati ya milipuko na visu na nyayo za watu wabaya
alikuwa amenitengea ulaini huo,
na mkono wangu, uliopachika mota maelfu kwa maelfu,
haukuwa umewahi kuitwa na hata moja.

Kikaja tena.
Na tena.
Kule jikoni aliendelea kubonyeza,
nami sikuinuka. Nilikuwa nahesabu.
Arobaini na sita ni mingi.