Chubwi

Simu ya mama ina ufa
kutoka kwenye saa hadi kwenye chaji.
Zawena, miaka mitano, Vingunguti,
anaulizwa: ipi ni "ba"?
Anabonyeza "da".
Chura anateleza, chubwi! matopeni.
Anacheka mpaka kwikwi.

Tena "da". Tena chubwi.
Nyota za dhahabu zinamsubiri huko juu;
hana haja nazo.

Mama, vidole vimejaa magamba ya dagaa, anaguna:
"Kichwa kigumu huyu.
Na bando ndiyo hiyo inaishia."

Luku ikaisha. Simu nayo ikazima.
Zawena akaokota kipande cha mkaa,
kwenye ukuta wa mama mwenye nyumba akaandika
ba, be, bi, bo, bu,
hakukosea hata moja,

akasita,
akafuta "bu", akaweka "du",
akajibwaga sakafuni mwenyewe:
chubwi.