Kanda ya Pili ya Tunu Mhina

Zilikuja katoni tatu kwa basi la Muheza,
kanda mia na ishirini, jalada la kijani,
Tunu kashika gitaa
kama aliyepokezwa mtoto wa jirani.

Barabara ya Tisa nzima ilikuwa ikimngoja.
Ya kwanza ilichezwa maharusini hadi ikakwaruza.
Hii, siku ya kwanza tu, ikarudishwa mara nne.

"Haichezeki," alisema Fundi Mbwana wa cherehani.
"Sauti imemkonda," akadakia muuza mihogo,
"fidla wapi, vigelegele wapi?
Mkonge, mkonge tu.
Nani Tanga hii asiyeujua mkonge?"

Na wote walinung'unikia wimbo wa nne:
katikati gitaa linanyamaza,
Tunu anavuta pumzi, hasemi kitu,
mpaka unadhani betri zimekwisha.
"Bovu hili, Chausiku. Nipe pesa yangu."
Nikawapa. Duka halina ubishi.

Mwezi uliofuata akaja Bi Mwanakombo,
yule mkimya, mjane wa kambi ya Kigombe.
Utepe wake umekatika.
"Umekatikia wapi?"
"Hapo anaponyamaza. Naurudisha nyuma kila usiku.
Kuna jina langu naliweka pale."

Nikampa nyingine, sikupokea kitu.
Nikafunga mlango, nikaiweka redioni,
nikaungoja wimbo wa nne.
Ile pumzi ni ndefu, jamani.
Niliizima kabla haijaisha.

Asubuhi zile nne zilizorudi nikazipanga mbele.
Fundi Mbwana alinunua tena,
bei ileile,
hakunitazama usoni.