Kipengele cha Nne

Mwaka ule walituita ukumbini,
si ule wa wageni, ule wa nyuma karibu na majokofu,
wakatuambia: uchumi ni mgonjwa.
Walisema kwa sauti ya chini,
kama vile umelala chumba cha pili.
Tukavua kofia. Wallahi tulivua,
hata Ngumbao wa jikoni
ambaye hakuvua yake kwenye mazishi ya babake.

Dawa, wakasema, ni nusu mshahara.
Nikasaini mimi,
mwakilishi wa chama, mpiga pasi kwa kazi.
Mkono huu uliozoea kunyoosha
ukapinda pale chini ya karatasi,
penye maneno "kwa muda".

Kipengele cha nne nilikisoma mara mbili:
"Uchumi ukipona, pande zote zitakaa chini tena."
Pande zote.
Nilipenda neno hilo. Lilitandikika kama mkeka.

Basi tukauguza.
Kafedha wa chumba cha kufulia aliuza cherehani,
ile ya mguu, aliyoachiwa na nyanyake.
Mbodze akahama Ngala kwenda Muyeye,
akahama Muyeye kwenda kwa dadake,
akahama kwa dadake, hakusema wapi.
Mimi nilijifunza kukata mofa mbili
na kukiita kipande cha pili chakula cha jioni.
Mgonjwa hakutuuliza tunalala vipi.
Mgonjwa haulizi.

Sasa hoteli imejaa hadi barazani.
Waitaliano wamerudi na mbwa wao,
Kafedha anasema "domani" kabla hajasema kesho.
Mashuka mia mbili kwa siku,
mvuke wa pasi umenichoma nyusi.

Na redioni, bwana mmoja wa Nairobi, sauti ya samli,
anatangaza kwamba uchumi umepona.
Umepona kabisa, unatembea.
Serikali, waajiri na vyama wamekubaliana
asilimia sita, nchi nzima, kuanzia Julai,
kwa kuzingatia hali.

Asilimia sita ya nini?
Nikamwuliza meneja.
Ya hiki mnachopata, akasema.
Ya nusu?
Akatazama dari kama kwamba imevuja.

Nilihesabu juu ya foronya, kwa penseli:
elfu tisa, mara sita, gawa kwa mia.
Mia tano na arubaini.
Nikarudia, labda nimekosea sifuri.
Sikukosea.
Husema akufaaye kwa dhiki;
sisi tulifaa,
ila sentensi haikumaliziwa mbele yetu.

Jumatatu, saa tano, mashine zote zikinguruma,
Kafedha akaniomba ile karatasi.
Naiweka kwenye kopo la biskuti, kopo liko kabatini,
funguo iko shingoni mwangu
kama hirizi ya mtu asiyeamini hirizi.
Akasoma kwa kidole, polepole, midomo ikisogea.
"Umepona?"
"Redio imesema."
"Na hapa imeandikwa zitakaa chini?"
"Imeandikwa."

Akazima mashine ya kwanza.
Akachukua shuka la kitanda kikubwa, safi, bado la moto,
akalitandika sakafuni katikati ya njia ya vitoroli,
akavua viatu
akakaa.

Ngumbao akaja na aproni yake.
Mbodze akaja, sijui kutoka wapi.
Nami nikaichomoa pasi ukutani.
Shuka lile ni pana kuliko nilivyodhani;
tumebakiza nusu, upande wa mlangoni.

Huko mapokezi kengele inalia, inalia tena.
Mwambieni meneja
upande wetu umeshakaa.