Dakika Moja, Zahanati ya Mtongwe

Usinisemeshe, Bi Mwanatumu. Nahesabu.
Kifua cha Swabra chapanda, chashuka,
na chini ya mbavu pabonyea
kama pakiti ya maziwa inyonywavyo kwa mrija.
Thelathini. Thelathini na moja.
Nje muuza kahawa agonganisha vikombe,
ananivuruga. Naanza upya.

Hamsini na nne.
Si malaria, kipimo kimekataa.
Si jicho la mtu, ingawa hirizi yake sijaigusa.
Ni nimonia. Vidonge hivi uviyeyushe kwa maji,
asubuhi na jioni, siku tano,
hata akianza kucheka siku ya pili.
Umesikia?

Amesikia. Lakini ameushika ukingo wa meza,
viatu kavivua, na miguu
imeumuka kama mahamri.

"Na wewe, bibi?"
"Mie mzima. Ni moshi tu wa viazi karai."

Namfunga mkanda, naupuliza.
Mia moja tisini na nane.
Narudia mkono wa pili,
nikiomba mashine iwe mbovu.

Leo nimeandika kadi mbili.
Ya Swabra ameishika mkononi.
Yake ameikunja mara nne,
akaifunga kwenye pindo la leso,
pamoja na chenji.