Hakuvua Koti

Ghorofa ya tatu, Tudor, saa nane mchana.
Feni inazungusha joto
kutoka kwa Fumo hadi kwangu, kisha kwa Fumo tena.
Bi. Wakesho amegawa karatasi. Ufahamu.
Kifungu kimoja, maswali saba, dakika arubaini.

Nimesoma. Wallahi nimesoma,
neno hadi neno, kama avukaye mtaro
jiwe kwa jiwe, sikukanyaga maji.
Kama ni kutamka, natamka:
tangu darasa la tatu, kule Mtongwe,
wageni wakija shuleni nasimamishwa nisome,
wageni wanapiga makofi,
na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza
ulichosoma kimesema nini.

Kifungu chenyewe ni hiki:
mwanamke amefika kwa dada yake, nje theluji.
Anafunguliwa. Anapewa kiti karibu na moto.
Anaketi ukingoni. Anasifu mapazia.
Anawaulizia watoto.
Chai inapoa mbele yake.
Basi.

Swali la nne:
kwa nini mgeni hakuvua koti?

Nikarudi juu kutafuta "kwa sababu".
Ndivyo tulivyofunzwa: jibu limo ndani,
lipigie mstari, linakili, usitie chumvi.
Nikatafuta kama mtu anayesaka funguo
za mlango ulio wazi.
Theluji niijuayo mimi ni ya friji ya dukani kwa Mama Chizi,
ile tunayoikwangua kwa kisu cha siagi.
Nikaandika: baridi.
Lakini moto si upo? Kiti si kiko karibu na moto?
Nikafuta, karatasi ikachanika kidogo.

Fumo keshafika la sita;
yeye husoma nusu, nusu akakisia, na hupita.
Dzame kainamia kamusi. Kila neno analolifungulia mlango
linaingia na wenziwe wawili.

Na sijui ni yale mapazia au ni jasho,
nikamwona shangazi Mwanaharusi
alasiri ile alipokuja kwetu.
"Vua buibui, wifi, na joto hili!"
"Aa, mimi si mkaaji."
Mkoba mapajani, mikono miwili juu yake.
Akausifu mkeka. Akawaulizia watoto,
na watoto tuko papo hapo, tunamtazama.
Gilasi ya ukwaju ikatoa jasho hadi ikalowesha sinia,
hakuigusa.
Nilikuwa na miaka tisa
na Kiingereza changu cha makofi,
na nilijua.
Kabla hajafungua kinywa nilijua
baba harudi kutoka ile kazi ya wiki mbili,
kwamba huko aliko kuna nyumba, na nyumba ina mwenyewe.

Nani alinifunza kusoma vile?
Kamusi gani ina buibui lisilovuliwa?

"Dakika tano," akasema Bi. Wakesho.
Nikaandika kwa Kiingereza changu cha kukwaruza:
alikuja kusema neno, hakuja kukaa.
La tano, la sita, la saba sikuyafikia.

Alhamisi karatasi zikarudi.
Penya nilipodondosha herufi ya mwisho ya kitenzi
kuna duara jekundu, kubwa kama shimo la sindano ya gunia.
Kando yake, vema. Na vema nyingine.
Jumla: tisa kwa ishirini. Fumo, kumi na nne.

Jioni, foleni ya feri ikiwa haisogei,
nilikisoma kifungu tena, bila kalamu.
Mara hii nikamwona dada mtu, mwenye nyumba,
ambaye hakuna swali hata moja juu yake:
chai ya kwanza haijanywewa
naye ameinuka, anamimina ya pili.

Mama alinituma barafu, siku ile.
"Kimbia," alisema, "shangazi yako ana kiu."