Kikopo cha Sindano

Bwana Semkiwa hufika saa nne, kahawa ikishamshuka,
kasha kalifunga kwenye kanga ya marehemu mkewe,
kalipakata toka Makorora mpaka Barabara ya Nane
kama ampelekaye mtoto kupimwa uzito.

Mimi ni fundi makochi. Nimezoea springi, katani,
misumari ya kichwa bapa, jasho la wageni kwenye mito.
Hili kasha la tisa analoniletea.
Nondo wamelitafuna joho la kijani, gundi imekuwa unga,
na bastola imelala ubavu katika shimo lake
kama kambare kwenye tope lililokauka.

"Niishike?"
"Ishike. Haina kitu
tangu babu wa babu yako hajaenda jandoni."
Nzito. Silinda yaitikia kidole: ta, ta, ta,
vyumba sita, na nyuma ya kila chumba chuchu ya chuma
iliyokuwa ikivishwa fataki kama kofia.
Nyundo ikishuka juu ya kofia,
basi.

Nani alikuwa upande wa pili, hasemi. Hajui.
Anajua uzito wa risasi, anajua skrubu ipi si ya asili,
anajua namba ya mtutu sharti ilingane na ya silinda;
zikipishana, zinakula nusu ya bei na usingizi wake wote.
Kiinua mgongo cha reli kimeishia humu.
Mkewe, Mungu amrehemu, aliwahi kunambia dirishani:
"Nina wake wenza saba, fundi, na wote wamelalia joho."

Askari wa Chumbageni walikuja na daftari,
wakahesabu, wakauliza risasi zake zinauzwa wapi.
"Haziuzwi. Unaziyeyusha mwenyewe, jikoni."
Mmoja akacheka. Mwenzake akaandika.

Nabandua joho. Chini, kwenye mbao, penseli:
mkono wa fundi mwenzangu, hesabu za inchi,
na doa la kikombe. Nani alikuwa akimharakisha?
Nachora upya kwa chaki. Hapa bastola.
Hapa chupa ya baruti, shaba yenye shingo ndefu.
Hapa kalibu ya risasi, mdomo wa koleo la sonara,
na ufunguo wa kufungulia zile chuchu.
Na hapa pembeni, duara. Tupu.

"Kikopo cha fataki," asema, na sauti yashuka
kana kwamba ataja mtoto aliyepotea sokoni.
"Miaka kumi na minne. Nimeandika barua Mombasa, Unguja,
nimempa Jivraj fedha za mbele mara mbili.
Bati jembamba, karatasi ya kijani juu ya kifuniko,
upana wa kizibo cha soda na robo yake."

Nimeinama, midomo imebana pini,
na mwenye pini mdomoni hadaiwi jibu.
Maana kwenye droo, usawa wa goti langu,
kuna kikopo cha bibi, Mwanahawa binti Kombo:
bati jembamba, kijani kilichobaki kama ukoga,
herufi tatu nzima na nusu ya nne.
Bibi alitilia sindano. Mama akatilia sindano.
Mimi kila asubuhi nakifungua kwa ukucha.

Alipoondoka nikazimwaga sindano mezani,
nikakijaribu.
Kiliingia bila kusukumwa.
Kikakaa ubavuni mwa nyundo
kama kimerudi kazini.

Nilikitazama mpaka chai ikafanya utando.
Kisha nikakitoa, nikaokota sindano moja moja,
mbili zikanichoma.

Jumamosi alipitisha kidole gumba juu ya joho jipya,
kona kwa kona, akasifu, akahesabu noti.
Akafika kwenye duara, kidole kikasimama.
"Hili umelipimaje, na kikopo hakipo?"
"Kwa kukisia."
"Umekisia vizuri."
Alikuwa akinitazama mimi, au droo, sijui.

Akaenda zake, kasha kifuani,
na lile tundu langu dogo ndani yake, limepigwa joho la pamba mbili.
Kochi la Mama Tausi lilikuwa likingoja.
Nikavuta droo, nikatafuta sindano iliyopinda.